Maswali ya Wasomaji: Programu ya Maktaba ni ya Bure, Je Kumbukumbu ni Zenu?

Meseji za maktaba zimekuwa nyingi kuliko za kitu kingine chochote na karibu zote zinatoka huku huku kwetu nyanda za juu, Rungwe, Mafinga, Njombe, Iringa mjini. Wengi ni walimu waliokabidhiwa ufunguo wa maktaba juu ya vipindi vyao vya kawaida, kwa hiyo najibu nikijua muda wenu ni mdogo. Barua nimezifupisha kidogo tu.

Cha bure hiki hakitatung'ata mbele?

*Kaka habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, maktaba yetu ina vitabu elfu tatu na ushee na tunaazimisha kwa daftari la kaunta. Amekuja kijana na mfumo wake, kwa macho ni mzuri, unalipia kila mwaka na kumbukumbu zote zinakaa mtandaoni kwake. Mkuu wa shule kaupenda. Ila mwenzangu aliyesomea ukutubi anasema ipo Koha, haina malipo. Sasa ni bure kweli au kuna mahali inang'ata? Na mtandao huku ni wa kubahatisha, mvua ikianza ndo basi. — Mwalimu, Tukuyu*

Ugonile mwalimu. Koha, programu ya kuendeshea kazi za maktaba, ni bure kweli, yani hakuna mtu yeyote duniani atakayekuja kukudai leseni, iwe mna vitabu mia tatu au laki tatu. Ni programu huria, maana yake hata maandishi yake ya ndani yapo wazi, fundi yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuwapa wengine, na leseni yake ya GPL inamlinda anayefanya hivyo. Ilianzia New Zealand mwaka 1999, kwenye maktaba za wilaya ya Horowhenua, mfumo wao wa zamani ulikuwa hauwezi kuvuka mwaka 2000 na ile ya kununua waliyoiangalia haikuwafaa, wakaipa kampuni ndogo inaitwa Katipo kazi ya kuwaandikia mpya, ikaanza kazi Januari 2000 na wao wakaamua kuiachia dunia nzima itumie. Zile hazikuwa maktaba za jiji kubwa, ni za mji mdogo na matawi yake, na nadhani ndo maana inatukaa vizuri sisi. Toleo jipya linatoka kila Mei na kila Novemba mpaka leo.

Gharama zipo, tusidanganyane. Kompyuta moja ya kuwa seva, yani ya kutunza kumbukumbu na kuhudumia zile nyingine, skana ya bakodi, karatasi za lebo, betri ya kushikilia umeme, na fundi anayeijua Linux aje aifunge na akufundishe, huyo mlipe vizuri tu. Kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 4 na diski ya SSD inatosha kwa vitabu elfu tatu, ufunge Debian au Ubuntu humo, ambazo ni aina za Linux, mfumo endeshi huria, Windows uiache kabisa kwenye hiyo seva. Kompyuta nyingine za maktaba zibaki na Windows zake hazina shida, kwa sababu Koha inafunguliwa kwa brauza ya kawaida.

Kuhusu mtandao hapo ndo watu wengi wanachanganyikiwa. Koha inafunguliwa kwa brauza lakini haihitaji intaneti. Seva ipo pale kwenye kona ya maktaba, rauta ya kawaida inaunganisha kompyuta zenu na hata simu za walimu, mnaazimisha, mnarudisha, wanafunzi wanatafuta kitabu, yote hayo bila bando hata la shilingi mia. Intaneti unaihitaji siku ya kufunga, siku ya kusasisha, na pale unapotaka kuvuta taarifa za kitabu kutoka maktaba za nje, na hayo unaweza kuyafanya kwa intaneti ya simu yako asubuhi mtandao ukiwa na nguvu.

Sasa turudi kwa kijana na mfumo wake. Sisemi ni mtu mbaya, anatafuta riziki. Ila kabla mkuu hajasaini muombe kitu kimoja, mwambie hivi: tukiingiza vitabu vyetu vyote halafu mwakani tukashindwa kulipa, utatupa faili la MARC lenye kumbukumbu zetu zote? MARC ni namna ya kuandika taarifa za kitabu ambayo maktaba karibu zote duniani zinaielewa, ilianzia Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, miaka ya 1960, kwa hiyo faili hilo ukiwa nalo unahamia mfumo wowote. Kwenye Koha unalitoa mwenyewe, kuna sehemu ya kutoa katalogi nzima, unabonyeza, unapata faili moja, unaweka kwenye flashi. Kijana akikujibu ndiyo na akakuonesha hapo hapo, mna mtu wa kuongea naye. Akianza kuzunguka, maana yake siku mtakayoshindwa kulipa mtarudi kwenye daftari na kazi ya miezi mnaiacha kwake. Mimi naona hilo ndo swali la kwanza, kabla hata ya bei, maana programu mtabadilisha lakini orodha ya vitabu vyenu mliyoiandika kwa jasho inatakiwa iwe mali ya shule.

Vitabu mia nne

*Shule yetu ya msingi ina vitabu vya hadithi kama mia nne tulivyopewa na wafadhili. Koha si kubwa mno kwetu? — Mwalimu wa taaluma, Mafinga*

Kubwa mno, ndiyo. Tumia Excel au Calc ya LibreOffice ambayo nayo ni huria, mstari mmoja kwa nakala moja, na safu za namba ya kitabu, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, ISBN (ile namba ya utambulisho ya kitabu) na rafu. Jina la mwandishi liwe kwenye safu yake, usilibandike pamoja na jina la kitabu. Ukifanya hivo, siku vitabu vikifika elfu mbili kuna programu inaitwa MarcEdit, ya bure ingawa yenyewe si huria, inageuza jedwali lako kuwa MARC na unaliingiza kwenye Koha bila kuandika upya.

Tunaorodhesha polepole mno

*Kamwene kaka. Tuko na maktaba ya jamii hapa Iringa, Koha imeshafungwa na inafungua vizuri. Shida ni kuingiza vitabu, ule ukurasa una visanduku vingi vyenye namba namba, kitabu kimoja kinanichukua nusu saa na vingi ni vya Kiswahili. Mwenzangu kashakata tamaa. — Dada wa maktaba, Kihesa*

Kamwene dada yangu. Hapa ndo kazi yenyewe ilipo na nafurahi umeuliza maana maktaba nyingi zinafia hapa hapa, Koha imefungwa, imepigwa picha siku ya uzinduzi, halafu ndani ina vitabu sitini.

Nusu saa ni kwa sababu unaandika kila kitu mwenyewe. Usiandike. Shika kitabu kimoja, geuza jalada la nyuma, utaona bakodi na ISBN yake. Ikianza na 978-9976 au 978-9987 ni cha Tanzania, 978-9966 ni cha Kenya. Sasa ingia kwenye Koha sehemu ya kuorodhesha, kuna kitufe cha kutafuta kwa Z39.50, njia ya maktaba kuulizana rekodi mtandaoni, ukikibonyeza kinafungua dirisha dogo lenye orodha ya maktaba za nje, weka tiki kwenye Library of Congress, bonyeza ndani ya kisanduku cha ISBN na upige bakodi kwa skana. Skana ya USB inafanya kazi ile ile ya kibodi, inaandika namba na kupiga Enter. Subiri kidogo. Rekodi ikija, iingize, na vile visanduku vya namba vinajijaza vyenyewe, 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 260 au 264 ni mchapishaji na mwaka, 650 ni mada. Wewe unabaki na kazi ya kupitia kwa macho, kuandika namba ya nakala yako na rafu yake, basi, unahifadhi. Ukizoea ni dakika chache tu kwa kitabu.

Najua utaniambia Wamarekani watatoa wapi riwaya za Kiswahili. Wanazo, tena nyingi. Library of Congress wana ofisi Nairobi tangu mwaka 1966 inayonunua machapisho ya ukanda huu wa Afrika na kuyatengenezea rekodi, kwa hiyo kitabu kilichochapwa Dar miaka ya sabini unaweza kushangaa kipo kule kimeandikwa vizuri kabisa. Kama ISBN haileti kitu jaribu jina la mwandishi na neno moja la jina la kitabu, maana vitabu vya kabla ya 2007 vina ISBN ya tarakimu 10 na vya zamani zaidi havina kabisa. Vijitabu vya parokia, ripoti za halmashauri, machapisho ya hapa hapa mkoani, hivyo utaviandika kwa mkono na nakuomba uviandike kwa uangalifu kuliko vyote, kwa sababu vingine inawezekana vipo kwenu tu na rekodi yako ndo itakayomjulisha mtu wa Songea kwamba kitabu hicho kipo.

Mengine ya kuangalia. Kama mna nakala arobaini za kiada kimoja hiyo ni rekodi moja yenye nakala arobaini chini yake, Koha ina kitufe cha kuongeza nakala nyingi kwa mpigo, nimeona maktaba zimeingiza rekodi arobaini za kitabu kile kile na mwanafunzi akitafuta anapata kurasa na kurasa za kitu kimoja. Jina la mwandishi likubalianeni liandikwe namna moja, lile lile kila mara, la sivyo vitabu vyake vinatawanyika na hakuna atakayeviona pamoja. Fasihi ya Kiswahili kwenye Dewey, ule mfumo wa namba za kupanga vitabu kwa mada, inaangukia 896.392 na huko mtajaza rafu nzima kwa namba moja, kwa hiyo ongeza herufi tatu za mwanzo za mwandishi kwenye lebo ya mgongoni. Na lebo ya bakodi ibandikwe mahali pale pale kwa kila kitabu halafu juu yake pitisha selotepu pana, karatasi tupu ikishikwa na mikono ya watoto inafutika mapema.

Mwenzako mwambie arudi. Kaeni wawili, mmoja anatoa kitabu kwenye rafu, anakipiga mhuri na kubandika lebo, mwingine yupo kwenye kompyuta, mkichoka mnabadilishana. Na anzeni na vile vinavyoazimwa sana, vya rafu ya juu visivyoguswa vitasubiri, ili wasomaji waanze kuona faida mapema na nyie mpate moyo.

Pasiwedi imeondoka na mtu

*Kijana aliyetufungia Koha hapa chuoni kwetu amehama, simu hapokei, pasiwedi ya msimamizi anayo yeye. Tunaweza kuazimisha lakini hatuwezi kuongeza mtumiaji wala kubadili chochote. Tuanze upya? — Mkutubi, Njombe*

Msianze upya, tafadhali. Kwanza jibu hili: hiyo seva ipo wapi? Kama ni mashine iliyopo hapo ofisini kwenu, kila kitu kipo mikononi mwenu. Kabla ya kugusa chochote mwambieni fundi anakili diski nzima pembeni. Halafu mtu anayeijua Linux anaiwasha mashine kwa hali ya uokoaji, anaweka pasiwedi mpya ya root, yani msimamizi mkuu wa mashine, ni kazi ya muda mfupi na ni halali kwa sababu mashine ni mali ya chuo, andikeni barua ya ndani mkuu asaini ili kusiwe na maneno. Akishaingia anaandika amri ya koha-passwd na jina la maktaba kama lilivyosajiliwa humo, itamuonesha jina na pasiwedi ya mtumiaji mkuu wa hifadhidata. Kwenye Koha ya zamani mnaingia nayo moja kwa moja, ila matoleo mapya hayaruhusu tena, humo fundi atatumia skripti ya create_superlibrarian.pl inayokuja na Koha yenyewe; kwa njia yoyote mnatengeneza msimamizi mpya, tena wawili, mnafunga akaunti ya aliyeondoka. Ukimaliza usiendelee kutumia ile akaunti ya hifadhidata kwa kazi za kila siku.

Kama seva ameiweka mtandaoni kwa jina lake na kulipia yeye, hapo ni pagumu zaidi, inabidi atafutwe kwa heshima, kupitia ndugu au kwa barua ya chuo, na mnachomuomba ni nakala ya hifadhidata na faili la MARC, hata kama hataki kurudi. Akiwapa hivyo viwili mnajenga sehemu nyingine na hamjapoteza kitabu hata kimoja. Hii ni faida ya programu huria inayosemwa kidogo sana, hakuna kampuni inayoweza kuwafungia mlango, fundi yeyote mwingine anaweza kuendelea pale alipoachia wa kwanza. Pasiwedi sasa ziandikwe, ziwekwe kwenye bahasha, zifungiwe kwenye kabati la mkuu wa chuo.

Tafiti za wanachuo

*Tunataka tafiti za wanafunzi wetu zisomeke mtandaoni, Koha inaweza? — Mbeya mjini*

Koha itaonesha kwamba tafiti ipo na inaweza kuweka kiungo, lakini kuhifadhi na kusomesha mafaili yenyewe tumia DSpace, nayo ni huria, ilitengenezwa na chuo kikuu cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 2002 kwa kazi hiyo hasa. Ila hiyo inataka seva yenye nguvu zaidi na mtu wa kuihudumia, usiifunge kama mtu huyo hana muda.

Nani anaona anachosoma binti yangu?

*Mwanangu mhariri, hujambo. Binti yangu wa kidato cha tatu huazima vitabu, juzi mhudumu wa maktaba akamtania mbele ya wenzake kwamba "naona umesoma kile kitabu cha mambo ya ujauzito". Kilikuwa cha somo la baiolojia. Ametoka pale analia na hataki tena kurudi. Hiyo kompyuta inatunza kila kitu? — Mama, Uyole*

Shikamoo mama, na pole sana, na binti umpe pole yangu. Alichofanya yule mhudumu ni kibaya na hakina utetezi. Kitabu mtu anachoazima ni siri yake na maktaba, na kwenye kazi ya ukutubi hiyo ni kanuni ya zamani kuliko kompyuta.

Kompyuta inatunza ndiyo, kama ikiachwa itunze. Wakati kitabu kipo nje lazima mfumo ujue kipo kwa nani, hilo halikwepeki. Ila kikisharudi hakuna sababu ya kumbukumbu kubaki na jina la mtoto miaka na miaka. Kwenye Koha kuna mpangilio wa faragha, msomaji anaweza kuruhusiwa kuchagua mwenyewe kwamba historia yake ifutwe kila anaporudisha, na msimamizi anaweza kuondoa majina kwenye historia zote za zamani kwa mpigo huku hesabu za kitabu kimeazimwa mara ngapi zikibaki. Pia si lazima kila mhudumu aone kila kitu, ruhusa zinagawiwa mtu mmoja mmoja, wanafunzi wasaidizi wa kaunta hawana haja ya kuingia kwenye mipangilio wala kwenye ripoti.

Nchi hii tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Shule na maktaba zinazokusanya taarifa za watu zinahusika nayo. Mama, nenda kwa mkuu wa shule ukiwa na utulivu, mwambie lililotokea, na umuombe mawili: mhudumu azungumzwe naye, na mipangilio ya faragha iwekwe. Na kwa walimu mnaosoma hapa, ifanyeni hiyo kazi wiki hii, msisubiri mzazi aje. Mtoto akishaona kwamba kuazima kitabu kunaweza kumfedhehesha, hata mkinunua vitabu vipya vya lori zima hatavigusa.

Umeme ukikatika katikati ya foleni

*Huku umeme unakatika mara nyingi, na jioni tunazima kila kitu kuogopa radi. Juzi seva ilizimika ghafla ikagoma kuwaka siku nzima. Tunazuiaje? — Mwalimu, Makambako*

Mwalimu, kama shule ina laptopu ya zamani ambayo betri bado inashika, ifanye hiyo kuwa seva, betri yake inakupa muda wa kuizima taratibu. Kama ni kompyuta ya mezani nunua UPS, ile betri ya kushikilia umeme, na rauta nayo ichomeke humo humo la sivyo seva itabaki hai peke yake na hakuna anayeifikia. Radi mnafanya vizuri kuchomoa, chomoeni na waya wa mtandao pia kama unatoka nje ya jengo.

Lakini kuna jambo hapo kwenye kuzima jioni. Koha ina kazi zake inazozifanya saa ambazo watu hawapo, ikiwemo kutengeneza bakapu ya kila siku, na kwenye Debian ya kawaida hizo kazi za kila siku zimepangwa alfajiri, saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Kama saa hiyo mashine imezimwa, bakapu inaweza isifanyike kabisa, na unaweza kukaa mwaka mzima ukidhani unayo. Mwambie fundi afunge anacron, hiyo inazifanya kazi zilizopitwa mara mashine inapowashwa, au azihamishie saa nne asubuhi. Halafu leo fungua folda ya /var/spool/koha uangalie tarehe ya faili la mwisho. Koha inatunza za siku chache tu halafu inafuta, kwa hiyo kila Ijumaa nakili la karibuni kwenye flashi na flashi isilale kwenye jengo la maktaba. Na mara moja kwa muhula mwombe fundi alirudishe hilo faili kwenye kompyuta nyingine muone kama vitabu vinatokea kweli.

Kwa foleni ya saa ile ile umeme unapokatika, weka daftari kaunta. Andika namba ya kadi ya msomaji, namba ya bakodi ya kitabu, tarehe na saa, nne hizo tu. Vitabu vinavyorudishwa wakati huo viweke kwenye boksi lake, usivipange rafuni mpaka umeme urudi uvipige skana kwanza, na maandishi ya daftari uyaingize siku hiyo hiyo kabla hamjafunga.